Jina Likiitwa, Anaitika Mwingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana haya hata mchungaji wangu sijamwambia.

Mimi nauza vitoweo sokoni hapa Gunsan, kila alfajiri niko kanisani, na watu wote huniita Mama Yerin kwa jina la binti yangu, jambo ambalo limenisitiri sana, kwa sababu jina la kwenye karatasi zangu si langu. Pyo Kumok alikuwa dada yangu, alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili bila kufikishwa kwa daktari, baba hakwenda kuandikisha kifo, na nilipozaliwa mimi akaona ahangaike ya nini, akaniachia jina la marehemu na mwaka wake wa kuzaliwa, siku zile wengi walifanya hivyo, ndiyo maana karatasi zinasema nina miaka sitini na moja na mifupa inasema hamsini na minane.

Sasa kila baada ya miaka miwili inakuja ile barua ya serikali ya kwenda kupimwa mwili mzima, na inamwita yeye. Nilikwenda mara moja tu, miaka sita iliyopita. Tulikaa foleni, wazee kwa wazee, wote tumevaa magauni ya hospitali, muuguzi akaita, "Pyo Kumok!" na kabla sijafungua mdomo sauti ya mtoto mdogo ikaitika nyuma yangu, "Naam!" Nikageuka, nikaona ukuta. Muuguzi akatia alama kwenye orodha yake, akasema, "Haya, huyo ameshaingia," akaita mwingine. Nikavaa nguo zangu nikaondoka, na hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo nakwenda kwa daktari mmoja juu ya duka la viatu, anayewatundikia wachovu dripu ya maji ya njano. Pale hawaiti majina. Mama Chanu muuza samaki hulala kitanda cha pili.

"We Mama Yerin, umekuja kujaza tangi tena?"

"Wajaze mpaka juu, mwenzangu, sikukuu ya mavuno hiyo inakuja, wateja watajaa!"

"Utapasuka wewe, utulowanishe!"

Tunacheka, na siku tatu natembea kama msichana. Lakini miezi hii tumbo linawaka, nashiba kwa vijiko vitatu, na choo changu kimekuwa cheusi kama mwani. Barua imekuja tena, Yerin ameibandika kwenye friji, ananiambia: "Mama, safari hii nakupeleka mwenyewe, hukwepi!" Naogopa, mshauri. Mama yangu mzazi, siku anakata roho, alinishika mkono akatazama nyuma ya bega langu, akasema, "Kumok, umekaa sana." Mpaka leo sijui alikuwa akimwambia nani. Je, niende nikaitwe, au niongeze dripu mpaka sikukuu ipite?

Mpendwa Mama Yerin,

Pole, dada yangu. Na sasa nikugombeze. Choo cheusi namna hiyo mara nyingi ni damu inayovuja tumboni, na wewe unaimwagia maji ya sukari na vitamini! Dripu ile inakupa miguu ya kwendea sokoni, basi. Haina macho ya kuona kilichomo ndani. Miaka sita kilikuwa na nafasi ya kukua bila mtu kukichungulia, na aliyekipa nafasi hiyo ni wewe, si marehemu.

Sauti sitakubishia, sikuwepo. Lakini mtoto aliyekufa kwa kukosa matibabu, kwa nini umdhanie kwamba anataka nawe ukose? Akiitika tena, mwache aitike, nawe inuka uingie nyuma yake. Muuguzi mwambie mapema akuite Mama Yerin. Daktari mweleze umri wako wa kweli. Suala la jina lipeleke mahakamani ukishapona, wengi wamerekebishiwa.

Wala usingoje tarehe ya kwenye friji. Hiyo ni ya wasioumwa. Wewe nenda hospitali kubwa, sema neno "choo cheusi" mlangoni bila haya, uombe kamera iingizwe tumboni. Ukisikia kizunguzungu, ita gari la wagonjwa.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hili limetoka Alhamisi. Siku tatu hizo damu haikutusubiri, wewe wala mimi. Umesoma vya kutosha. Mpigie Yerin sasa hivi, duka lifunge.