Nyuzi za Plagi Nilizoziua Nikijionyesha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana mtaani naitwa Daktari wa Injini na shule niliiacha darasa la saba kwa kuwa haikuwa na jipya la kunifundisha, sasa sikia, mama wa msichana ninayetaka kumuoa ni mkunga, akaniletea gari lake nibadilishe plagi, na binti kasimama pale pale, nikaona nikaze kiume, injini ingali moto, nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nguvu iongezeke, nikakaza huku namwangalia yeye, mara spana ikawa laini kama inazunguka kwenye siagi, kuchomoa plagi, nyuzi za kichwa cha injini, ile mizunguko ya tundu inayoishika plagi, zimetoka nayo, vipande vya alumini vinang'aa kama hereni, nikatabasamu, nikaizungushia plagi utepe wa mafundi bomba, nikapaka gundi ya chuma, nikairudisha, gari likanguruma, mama akaniambia, "Mwanangu, una mikono ya dhahabu," na Jumamosi analiendesha peke yake mpaka zahanati ya mbali. Mjomba wangu mwenye gereji ana vifaa vya kuchonga nyuzi mpya, lakini nilishajitapa mbele za watu kwamba sijawahi kuua uzi, hata wa kiatu. Nimzuieje mama bila yeye kujua sababu? Nimefikiria kumtobolea tairi.

Daktari wa Injini

Daktari,

Pole, mapenzi hutetemesha mikono. Ila bomba kwenye spana, injini moto, kichwa cha alumini? Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na plagi aliianza kuizungusha kwa vidole, injini imepoa. Gundi yako itaishi mpaka mlima wa kwanza, kisha plagi itaruka, mama abaki njiani, na huko aendako kuna mwanamke mwenye uchungu asiyejali unampenda binti wa nani.

Tairi usiguse. Nenda kwa mjomba useme, "Mjomba, nimeua uzi." Akimaliza kucheka, achonge tundu upya na kutia bushi, kijibomba cha chuma chenye nyuzi zake. Chombo cha kuchongea kipakwe grisi nzito, inase unga wa alumini usidondoke ndani ya silinda. Wewe shika tochi tu.

Na mama umwambie mwenyewe, leo. Wakunga kazi yao kubwa ni kusubiri, na anayesubiri husoma gazeti zima, mpaka ukurasa huu. Asubuhi hii wewe na yeye mnausoma pamoja, Daktari. Kimbia.