Pudre Yako, Mama Yako Alinimwangia Mi

Deo, ndugu yangu,

Nianze na habari nzuri, juu unajua mi sianzake na mubaya. Mi niko mutu ya bahati. Tafuta mu Kolwezi yote, toka Dilala mpaka Musonoi, ingia hata mu mashimo ya Kasulo uulize: kijana mwenye bahati kama Ramazani hautamuona. Ekzamen ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza shule, nilipita! Mi, mutoto ya shofere, mwenye kukosa masomo kila mara tata yake anapakia lori, nilipita mara ya kwanza, bila kukunja uso, na diplome inakuja. Mu barabara batu banasimamisha moto, pikipiki zao, juu ya kunisalimia. Najua ungesema nini. "Ambasadeur, punguza." Sipunguzi, Deo. Leo uache niseme.

Basi nimejisifu. Sasa nikupe bingine.

Benchi yetu bado iko pale nyuma, karibu na dirisha ile haifungike. Vumbi ya malori bado inaingia. Unakumbuka mu mvua ulikuwa unanisukuma upande ya dirisha, unasema mi nina mwili mukubwa ya kuzuia maji? Nilipita kule kutazama, nikakuta batoto ya kilasi ya tano bameshaikalia. Mu fasi yako kulikuwa kijana mwembamba, amelala, mate inamushuka juu ya kitabu. Mkono uliniwasha nimupige kofi. Kisha nikasema, hapana, acha alale. Na weye njo pale ulikuwa unalala saa ya dini.

Hiyo saa ya dini! Padri anauliza sakramenti ni ngapi, weye mukristu ya kubatizwa, jina yako Deogratias, unakoroma. Mi, Ramazani, muislamu, kwetu Kasongo, nanyanyua mukono nazitaja zote mpaka mpako ya bagonjwa. Padri anapiga meza: "Bakatoliki ya hii kilasi, muone haya! Ni muislamu njo anabeba sakramenti yenu!" Na weye unaamuka, unapangusa kinywa, unasema, "Mon Père, anabeba mingi, mi ninabeba yeye mu hesabu." Padri mwenyewe alicheka mpaka akatoa miwani.

Na ilikuwa kweli. Ulinibeba. Saa ya mapumuziko bengine banacheza mpira, weye umechora mistari mu vumbi na kijiti, unanielezea tena, unanielezea tena, mi napiga hadithi ya Dar es Salaam, namna nilikula samaki ufukoni na batalii. Kilasi yote ilikuwa inaamini, bakanipa jina ya Ambasadeur. Weye peke yako ulijua kama Dar es Salaam niliona tu fasi ya kupakia malori, nililala chini ya lori, nikarudi. Haukunisema hata siku moja. Ulikuwa unaniangalia tu, kijiti mu mukono, unasema: "Umemaliza? Rudi hapa mu hesabu, Ambasadeur."

Kisha tulifanya ekzamen, na homa ikakukamata. Kila mutu hapa anapata malaria, hatukuogopa. Mama yako alisema itashuka. Haikushuka, ilipanda mu kichwa. Nilikuja hopitali na mukate na kicheko yangu yote. Nilikuelezea ile siku chef ya kilasi, Kapend, aliketi juu ya gateau ya Padri, keke nzima. Ile hadithi ilikuwa inakuvunja mbavu kila mara. Haukucheka. Uliniangalia kama mutu mwenye hanijui.

Njo pale nilijua, Deo. Mbele munganga aseme.

Kilasi yote tulikubeba mpaka ku makaburi, na shati nyeupe na patalo ya bluu, kama siku ya kwenda misa. Padri alisoma sala ya kwenu. Mi nikasoma Fatiha ndani ya moyo, midomo imefungwa. Sijui kama inaruhusiwa. Kama hairuhusiwi, basi Mungu ataniita mi, hataita weye.

Sasa sikia hii. Matokeo ilitoka.

Ilikuwa asubui, wote tulikimbia ku shule kama kawaida, kila mutu na kode yake mu karatasi. Unaandika kode mu simu, unatuma, inajibu. Mupango ilikuwa Kapend atume, asome kwa sauti, na sisi tumwange pudre. Batu balikuja na bidebe ya pudre ya batoto mu mifuko. Mumoja anasomwa kama amepita, tunapiga kelele, tunamumwangia, anakuwa mweupe kama mukate haijachomwa. Mi nilisema yangu nitatuma mwenyewe nyuma, ambasadeur hasomwi pamoja na raia. Balicheka.

Halafu Kapend akasema, "Na ya Deo?"

Kode yako nilikuwa nayo mu kichwa. Tulijiandikisha siku moja, yako na yangu zilifuatana. Niliitaja. Kapend alituma. Tukasimama pale, kama vile simu itatuambia na kingine zaidi.

Ulipita. Na asilimia kubwa kuliko bote. Kuliko Kapend, mutoto ya mwalimu!

Tulipiga kelele, Deo. Dakika ile tulisahau. Mwenzetu mumoja, uwongo sisemi, aligeuka na kidebe yake anakutafuta juu akumwangie. Akakuta ukuta. Akaketi chini, akalia kama mutoto wa kunyonya.

Kapend akauliza nani atapelekea mama yako. Bote bakaniangalia. "Ni kazi ya ambasadeur hii."

Tulienda kwa miguu mpaka kwenu Dilala. Bashofere ya moto banapiga honi, "Felisitasyo, bafinalisti!", na sisi tunakunguta nguo, tunanawa ku bomba ya njia, juu nani anaingia mu kilio na pudre? Hiyo ni matusi. Mama yako bado alikuwa chini juu ya mukeka, kitambaa mu kichwa, mashangazi banamuzunguka. Tukasalimia polepole. Tukaketi. Nilikuwa nimetengeneza maneno njia yote, maneno ya Kifaransa hata, na yote ikanikimbia. Mi, Deo! Nilikosa neno!

Ni yeye njo alianza. Alimuangalia Kapend pa masikio. Pudre ilibaki ndani ya masikio yake, mujinga ile, hakunawa muzuri.

"Matokeo ilitoka?"

Kapend akafunika masikio na mikono.

"Deo?"

Nikasema, "Amepita, mama. Yeye njo wa kwanza."

Akakaza kitambaa mu kichwa. Kisha akatoa mukono. "Nani ana pudre?"

Shangazi yako mukubwa aliruka. "Weye dada! Mu kilio? Batu batasema nini?"

"Baseme," mama yako akamujibu. "Shati yake nilianza kuifua tangu inamufika mu magoti. Hii pudre ni yangu. Nitaimwanga."

Alipewa kidebe. Akasimama, tangu kilio ilianza banasema hakusimama vile. Akatuangalia moja moja, kidebe mu mukono, na hakukuwa na kichwa ya kumwangia. Nilitaka dunia ipasuke. Halafu akasema, "Tata Ramazani, kuja. Mulikuwa kiti moja na yeye. Weye nawe ulipita?"

Nikasema, "Nilipita, mama."

Nikapiga magoti. Alinimwangia yote, mu nywele, mu shingo, ndani ya shati, inaniingia mu macho, na kila mara anapiga kidebe ku mukono anasema, "Deo. Deo. Tata yangu, Deo." Kisha akainua kichwa akapiga impundu, vigelegele ya furaha. Moja tu, na ikakatika katikati. Bale mashangazi balioogopa batu, bao njo balimumalizia.

Sikunawa. Nilitembea Dilala yote mweupe vile, batu banapiga mikono, banasema huyu mutoto ya shofere ametoa tata yake haya. Tata mwenyewe alikuwa chini ya lori, miguu inje. Akatoka, akaniona, akapangusa mafuta ya mikono juu anishike. Njo mara ya kwanza nilimuona anakosa maneno, na mi njo nilirizi kinywa kwake.

Tangu siku ile, ndugu yangu, mama yako hanitoke. Anakula sasa. Tulimuomba bote tukashindwa, sasa anakula, anasema lazima awe na nguvu ya kusindikiza mutoto ku universite. Mutoto ni mi. Alitoa valizi yako chini ya kitanda, ile ulisema utaenda nayo Lubumbashi. Alifua mashati yako, akaipiga pasi, akaipanga ndani. Mikono ya shati inanifika karibu na kiwiko, Deo, mi na hii mwili! Anasema haizuru, atashonea kipande. "Utaingia nayo pale alitaka kuingia," anasema, "na mi nitajua ameingia." Anaelezea majirani. Anaelezea Padri, na Padri akaniangalia tu, akashika musalaba yake. Yeye ana palmare yote ku biro, ile karatasi ya matokeo ya bote. Anangojea nini, sijui. Labda na yeye aliona sahani ya mama yako iko tupu, anakula.

Basi ya Lubumbashi inaondoka kesho kutwa. Tiketi anayo yeye, mu kitambaa yake.

Kila mara ninaenda pale na moyo ya kusema. Ninaketi. Ninafungua kinywa, na mchezo njo inatoka. Ninamuelezea namna nitakuwa mukubwa kule Lubumbashi, baprofesa bataniomba ruhusa juu ya kuingia mu kilasi. Anacheka. Anacheka na kicheko yako, ile ya kuinama mbele. Nitaikata namna gani? Uniambie weye mwenye akili. Nikimuambia, atarudi mu mukeka, na utakufa mara ya pili mbele yake, na mi njo nitakuwa nimeleta habari. Nisipomuambia, ataniweka mu basi na mashati yako. Mikono yangu mukubwa yote hii, hakuna fasi ninaweza kuiweka.

Ungekuwa hapa ungeokota kijiti. Ungesema, "Umemaliza? Rudi hapa."

Umemaliza kazi yako, ndugu. Mi njo ninabaki nyuma na vumbi. Ulale vizuri upande ya ukuta, dirisha nitazuia mi. Ninakuapia hii, na mi kuapa siapake bure: kesho, mbele aanze kupika, nitaenda kwa mama yako, nitaketi chini bila mchezo, nitamuambia. Akinifukuza nitakaa ku mulango. Akilia nitalia. Na mwaka kesho nitarudia ekzamen, na nguo yangu mwenyewe, hata kama hakuna mutu wa kunichorea hesabu mu vumbi.

Kode yangu niliituma peke yangu, nyuma ya vyoo ya shule, asubui ile mbele tuende kwenu. Sikupita, Deo. Mu benchi yetu, ni weye peke yako ulipita.

Ramazani