Dawa ya Miguu Kwenye Kopo la Tumbako

Nyumbani kwa Mama, Kiwanjani,
S.L.P. 214,
Isiolo.
Jumapili, 11 Agosti 2019.

Mpendwa ndugu yangu Ekitela,

Ejoka? Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na hujalala na viatu kama kawaida yako. Kile kifua kimepona? Nasikia huko Isebania mvua haingoji msimu, inanyesha ikijisikia. Sisi huku tuna upepo wa Agosti. Vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na mabati ya jikoni yanapiga kelele tangu asubuhi. Mama ni mzima, isipokuwa macho. Shemeji yako Isaac bado yuko Garbatulla na mtambo wake wa kisima. Ukiharibika anaitwa, usipoharibika pia anaitwa. Mimi nipo. Nitafika kwangu hapo chini.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi. Nimeandika kwa sababu simu zako unazisikilizia kwa spika, na kila nikikupigia wenzako wa kambini wananisalimia kabla yako. Haya si ya spika. Isome ukiwa peke yako, kisha uichome. Na uniwie radhi mwandiko ukiwa unapanda na kushuka, maana siwezi kukaa. Naandika kidogo, nasimama, nazunguka meza, narudi.

Mama alikuambia kwamba wazee wa Rita waliahirisha mazungumzo ya ndoa yenu kwa sababu Mzee Nangiro alishikwa na tumbo. Tumbo la Mzee Nangiro halina neno lolote. Alikula mbuzi hapa kwetu na supu akaongeza. Harusi yako imesimama kwa sababu yangu, na nimeona afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu wa barabarani.

Unajua naumwa, lakini unajua kwa simu tu. Kwa miaka walinitibu brusela, maana hapa Isiolo ukisema umechoka na miguu inauma unaulizwa kama unakunywa maziwa mabichi, na nani hapa hanywi? Ikaja malaria. Akaja pia jirani aliyesema nimerogwa na mtu wa sokoni. Mpaka yule daktari wa Nairobi aliponiingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, akaniambia ni multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Mwili unajipiga wenyewe. Alisema mishipa ya fahamu ina ganda kama waya wa stima, na ganda hilo linaliwa kidogo kidogo, basi habari inayotoka kichwani inapotea njiani kabla haijafika mguuni. Ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna aliyeniroga. Nilifurahi kupata jina. Wiki ile nilifurahi kweli, halafu nikachoka kufurahi.

Kinachonitesa zaidi ni kukakamaa. Miguu inajifunga kama mtu aliyekasirika, kisha inaruka yenyewe. Kazi yangu unaijua, cherehani ya kukanyaga. Fundi wa nguo anashona kwa miguu kwanza, mikono inafuata. Mguu ukiruka sindano inakimbia, na sare ya mtoto wa watu imekwisha. Vidonge vya kulegeza misuli nilipewa. Nikivimeza vyote miguu inalegea mpaka nikisimama inajikunja, nikipunguza inakaza tena, na mara nyingi duka la dawa linaniambia vimeisha nije kesho.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikizunguka. Tangu mwaka jana natumia bangi. Umesoma vizuri. Ni bangi, ile ile unayoikamata huko mpakani kwa magunia. Sivuti. Nachemsha kidogo ndani ya maziwa yenye samli, nachuja, nakunywa jioni. Anayeniletea sitakuandikia jina lake. Wewe ni ndugu yangu, lakini bado ni polisi.

Haiponyi, nisikudanganye. Ugonjwa uko pale pale, na macho yangu bado yana siku zake za ukungu. Ila miguu inatulia, nalala, na asubuhi nakanyaga cherehani kama mtu. Ubaya wake pia nimeuona. Siku moja nilizidisha, nikashona mfuko wa shati la shule mgongoni, na nikaliona zuri sana mpaka mwenye mtoto alipokuja kulichukua. Tangu hapo napima kwa kijiko.

Daktari nilimwambia. Hakunitukana. Alisema kuna nchi ambako dawa zilizotengenezwa kwa mmea huo hupewa watu wenye MS kwa ajili ya kukakamaa, wengine zinawasaidia na wengine haziwasaidii, lakini sheria ya hapa hairuhusu na yeye hawezi kuniandikia. Akaniambia nisiache dawa zake nyingine na nisimfiche lolote. Basi. Nilitoka pale bila ruhusa na bila katazo, nikapanda gari kurudi nyumbani.

Mama ndiye aliyekuwa akiitunza. Alisema watoto wa majirani wanaingia kila chumba, lakini hakuna mtu mwenye adabu anayefungua tumbako ya mwanamke mzee bila kupewa. Akaiweka kwenye kopo lililofanana kabisa na kopo lake la etaba, ile tumbako yake, yote mawili chini ya kitanda. La etaba alilifunga utepe mwekundu ili asichanganye. Utepe, Ekitela! Na macho yale!

Sasa wazee wa Rita wakaja kusikia habari ya mifugo tuliyotenga kule Kulamawe. Wewe unajua, hakuna neno la ndoa linaloanza kwetu kabla wageni hawajapewa etaba. Mama alikuwa amevaa shanga zake zote, hana raha, anaingia na kutoka, anauliza chumvi iko wapi na chumvi ameishika mkononi. Mzee Nangiro akakaa juu ya ekicholong, kigoda chake cha kutembea nacho, akajisawazisha, akanyoosha mkono. Mama akampa kopo kwa heshima zote.

Na kati ya wazee wote waliokaa pale, lilimfikia yeye kwanza. Baba mkubwa wa mchumba wako alikuwa askari jela mpaka akastaafu. Hakuhitaji hata kuonja. Alisogeza pua, akafunga kopo, akaliweka chini polepole.

“Mama Ekitela,” akasema, “hii si etaba. Hii ni ile kitu nilikuwa nachungia watu miaka yote.”

Mama akajibu bila kufikiri: “Hiyo ni dawa ya miguu ya msichana.”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai, na hakuna hata kikombe kimoja kilichotikisika. Siku hiyo miguu yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilitamani sana mmoja wao alione hilo, lakini walikuwa wananitazama usoni.

Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Mzee Nangiro alisema binti yao hawezi kuingia kwa boma yenye hiyo kitu, na zaidi bwana yake ni mtu wa serikali. “Siku mtu akitaka kuangusha huyu kijana, ataanzia hapa kwa hii kopo,” akasema. Nilimchukia papo hapo, na nilijua hajakosea. Wakapatana warudi mwisho wa mwezi, mimi nisimame mbele yao na Biblia mkononi niseme nimeacha. Mama aliwajibu kwamba tayari nimeshaacha, kabla hata sijaweka sinia chini. Kisha wakala, wakaaga vizuri, na Mama akakupigia simu ya tumbo.

Na niliacha. Nataka ujue hilo. Jioni ile ile tulimwaga yote chooni, mimi na Mama, na sikuacha kwa kumwogopa mzee wa watu. Niliacha kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyelipa ile mashine ya picha ya ubongo, na umengoja kuoa mpaka wenzako wamekwisha kupeleka watoto shule.

Basi yakarudi yote. Nikilala miguu inatembea, nikitembea miguu inalala. Nilianguka karibu na tangi nikiwa na mtungi wa maji, nikabaki pale nimelowa, nikijicheka kwanza na halafu nikilia kwa hasira. Mama akinikanda kwa mafuta ya kondoo mguu unamrusha mkono, naye anauambia utulie kama anayesema na mbuzi. Sare za muhula wa tatu nilizirudisha kwa wenyewe bila kushonwa. Everline fundi, mimi, nikasimama mlangoni nikiwaambia wazazi waende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye vifungo vyake vinatoka kabla ya Krismasi. Niliumia, ndugu yangu. Sijui kama nimewahi kuumia hivyo, na sisemi miguu.

Alhamisi nimeanza tena. Mama anajua. Ndiye anayenichemshia maziwa, na anasali akichemsha, anamwomba Mungu anisamehe na papo hapo anamwomba dawa ifanye kazi. Sijui Mungu anamsikiliza kwa sikio lipi.

Kwa hiyo kuapa sitaapa. Wazee wakirudi sitashika Biblia niseme nimeacha na huku sufuria iko jikoni. Wakiniuliza nitawaambia natumia, nitaeleza kwa nini, na najua wataondoka, na safari hii hawatakula. Mama ananisihi niseme tu maneno wanayotaka, eti maneno hayana uzito. Nimemwambia kama hayana uzito basi wasiyadai.

Usinitumie sheria, naijua. Najua kifungo chake, na najua wewe umevaa ile nguo na unakula kwa ile kazi. Sikuombi unifunikie, wala usiongee na mkubwa wako yeyote. Na usiniambie ningoje wakubwa wa Nairobi wakae wajadiliane. Miguu yangu haina kamati. Nimewaza haya yote hapa nikizunguka meza, na kila nikizunguka narudi pale pale.

Naona njia mbili tu. Ya kwanza, umpigie Mzee Nangiro wewe mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, umwambie kwa mdomo wako kwamba dada yako ana MS, kwamba hiyo ni dawa yake, na kwamba unamtaka Rita ukiwa na dada huyu huyu. Anaweza kukataa. Hapo utakuwa umempoteza Rita kwa ajili yangu, na mimi nitakaa na jambo hilo siku zote. Ya pili, mimi nitoke. Mama mdogo Atabo kule Kulamawe amesema kibanda kipo, hata akaniuliza kama nitakuja na cherehani. Nikitoka, nyumba hii ni safi, wazee wanaingia, Mama anatafuta kopo lake la etaba, na wewe unaoa. Isaac amekubali yoyote nitakayoamua. Unamjua, yeye hupenda amani kuliko chakula. Ila Kulamawe hospitali iko mbali, na nani ataniletea dawa huko, hilo sijalijibu.

Ninachoogopa si hizo njia mbili. Naogopa ukimya wako. Wewe ukibanwa hunyamaza, tangu utotoni ulikuwa unakwenda kukaa zizini na mbuzi mpaka jambo lipite lenyewe. Hili halitapita. Ukinyamaza, siku itafika, wazee watakaa, na mimi ndiye nitakayekuvunjia ndoa kwa mdomo wangu, mbele ya Mama. Usiniachie kazi hiyo, Ekitela. Nakupenda, na nimekukasirikia kabla hata hujafanya lolote.

Upepo umeongezeka na Mama ananiita nikashike milango. Barua hii nitaituma kwa basi, uiulize ofisi yao ya mizigo.

Msalimie Anderson, mwenzako wa chumbani, mwambie sauti yake kwenye simu ni nzuri lakini apishe ndugu waongee. Rita ukiongea naye mwambie sina kinyongo na mtu wa kwao, hata baba yake mkubwa. Isaac anakusalimu. Mama Atabo anakusalimu na anauliza utakuja lini kuona ngamia waliozaa. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote, mpaka majirani wamelikariri. Mungu akulinde huko mpakani, na akupe jibu ambalo utaweza kuishi nalo ukizeeka.

Na jibu hilo likiwa ni nihame, usimtume mtu wala usimwambie Mama aniambie. Niambie wewe, na uniambie mapema, wakati miguu hii bado inaweza kutoka mlangoni yenyewe.

Dada yako akupendaye bila kuapa,
Everline Nakuam