Palizi ya Wegesa

Mjukuu wangu Ghati,

Marahaba, salamu zako zimefika Nyamwaga. Babu yako anatembea vizuri sasa, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza urudi nyumbani au ukae huko, maana sauti ya kuimba imekuishia na unaogopa maneno ya watu. Nikueleze habari za dada yangu Wegesa, aliyekuwa mwimbaji wa kujulikana nchi nzima.

Koo lake liliugua, akarudi hawezi kuimba. Majirani walijaa uani wakimwomba awaimbie hata kidogo. Alilia tu. Mama akawaambia, "Huyu amekuja kwa mama yake. Mwacheni."

Kesho yake akampa jembe, tukaenda wote kupalilia mahindi. Tulipalilia wiki nyingi kimya. Asubuhi moja nikamsikia Wegesa anaimba chinichini, mwenyewe hana habari. Nikainua kichwa. Mama akaninong'oneza, "Lima. Usimtazame."

Baadaye alirudi jukwaani, akaimba mpaka uzeeni.

Sauti yako sijui kama itarudi. Wewe njoo tu. Babu yako ameshaulizia basi la kutoka Mwanza linafika Tarime saa ngapi.

Bibi yako,
Bhoke