Gari la Coy Halijawahi Kupewa Kibao

Jumatatu, 10 Septemba 2018
Leo nusura nimuue mke wangu, Nadine. Tumelitoa gari la marehemu kaka yake, Coy, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Ford ya mwaka 1932, paa limekatwa likashushwa, injini kubwa iko nje nje, rangi nyekundu ya kumeza mate. Hotirodi, yaani gari kuukuu lililosukwa upya, kazi ya fundi mwenye jina, vikombe vya maonyesho rafu nzima. Na haiendeshiki! Tumepita kituta kidogo kwenye barabara ya mashamba ya lozi – usukani ukaanza kutetemeka, magurudumu ya mbele yanacheza ngoma. Nikakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka sakafuni. Tumekuja kusimama katikati ya milozi, vumbi tupu.
Nadine akashuka, hata mlango hakufunga. Karudi nyumbani kwa miguu. Kwa joto hili la Bakersfield!

Jumanne, 11 Septemba
Nadine amefungua mdomo, na afadhali angenuna tu. Kampigia mtu wa makumbusho ya magari kule pwani, anakuja Jumamosi na trela kulichukua. Nikamwambia Jumamosi ndiyo safari ya klabu yetu ya magari kwenda Kernville. Akasema klabu waende salama, yeye hapandi jeneza lililopakwa rangi.
Inaniuma. Coy ndiye aliyeing'ang'ania ile sheria ya klabu: gari likifika juu ya trela, halipewi kibao cha safari, kile kibati cha kumbukumbu kinachobandikwa kwenye dashibodi. La kwake limezunguka maonyesho yote juu ya trela, akingoja apone aliendeshe mwenyewe. Hakupona. Dashibodi yake haina hata kibao kimoja.
Nikampigia Lyle, mwenyekiti wetu, kuomba ushauri wa kulirekebisha. Aling'aka! Orval, kazi ya yule fundi haiguswi, ukitia spana pale ni sawa na kumchorea malaika masharubu.
Nitaigusa.

Alhamisi, 13 Septemba
Chini ya gari tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena. Lakini nimeelewa! Fundi alilitengenezea macho, hakulitengenezea barabara. Ili pua ikae chini ipendeze, ekseli ya mbele kaiacha imesimama wima. Inatakiwa ilalie nyuma kidogo, kama uma wa baiskeli, ndipo gurudumu lifuate njia. Nimelegeza, nimeilaza. Breki nazo: kopo la mafuta ya breki kalificha chini ya sakafu lisiharibu sura, likawa chini kuliko breki za magurudumu. Mafuta yanarudi yenyewe polepole, pedeli inabaki tupu. Dawa ni valvu ndogo tu ya kuyazuia. Na feni ya rejeta – nimecheka mpaka nikagonga kichwa – nyaya zimepishana, inapuliza hewa mbele badala ya kuivuta! Jukwaani nani angejua?
Ndivyo tulivyo sisi. Tunapiga magoti kutafuta vumbi kwenye kromu, hakuna anayeuliza kama gari linakata kona.
Nadine alikuja akasimama mlangoni. Akauliza, nikiikwaruza rangi ya Coy nitalala wapi. Nikamjibu humu humu chini. Hakucheka. Akaondoka, akarudi na mablanketi ya viraka ya marehemu mama yake, yale ambayo hata wajukuu hawayakalii. Akayatandaza juu ya madigadi, akaenda zake. Nikarudi chini ya gari.

Ijumaa, 14 Septemba
Limekubali! Kituta kile kile, usukani kimya. Nikaachia mikono – likanyooka lenyewe. Breki zinashika pedeli ikiwa bado juu. Rejeta haijachemka. Nimepiga kelele peke yangu barabarani kama mwehu.
Nikamwambia Nadine njoo ujaribu. Akaendelea kumenya pichi. Akasema mtu wa trela anafika asubuhi na mapema.
Basi. Nimeliosha. Kama linaondoka, liondoke safi. Nimelia kidogo nikiliosha, heri maji yalinisitiri.

Jumamosi, 15 Septemba
Naandikia kwenye kiti cha abiria, daftari gotini. Nilisikia muungurumo nikiwa bafuni, nikadhani mtu wa trela kashafika. Kutoka na kahawa yangu – Nadine huyo! Yuko nyuma ya usukani, kitambaa kichwani, mto wa sofa chini yake, gari limejaa vumbi. Wee mzee, unapanda au unabaki?
Nikapanda, nikauliza, na ule woga je? Akasema woga ni wa kiti hiki cha abiria nilichokalia mimi, hakina pa kushika. Kumbe ameshakwenda mpaka kwenye milozi na kurudi. Na kituta je, nikauliza. Na kituta pia, akasema. Kisha akapapasa dashibodi, pale patupu, akasema likipanda trela tena, Coy atamtokea ndotoni amtukane.
Sasa mtu wa makumbusho kafika kweli. Trela limeziba geti zima, anashusha vyuma vya kupandishia gari. Nadine hajazima injini, hajashuka. Ananiambia niweke hiyo kalamu, niende nikamwambie yule bwana asogeze trela lake, Kernville ni mbali.