Bonde Yetu Si Pori

Kibabi, siku ya tano ya juma. Mvua ya asubuhi imekatika, milima inang'aa kama sahani imeoshwa, na mimi niko na kasirani tangu jana. Lakini ni kasirani ya muntu mwenye kushinda.

Mujukuu wangu Riziki anasoma jeografi kule Goma. Alikuja na kazi ya kuchora ramani ya kijiji. Kesho ramani ile itafunguliwa mbele ya shefu wa kijiji, na fasi yoyote isiyo na mwenyewe inaweza kupewa muntu wa ferme, mwenye shamba kubwa, anayetafuta malisho ya ng'ombe. Siku ya tatu, mutoto alipanda mulima na bapapa wane, wanaume watupu. Wakasimama juu, wakanyoosha vidole: kanisa, barabara ya pikipiki, nyumba ya shefu. Yeye akachora.

Jana akanionyesha. Nikatafuta bonde, kule sisi bajane tunalima maharagi na mateke, yale magimbi. Nyeupe kabisa. Katikati neno moja: pori.

Pori!

"Maharagi unakulaka hapa tangu utoto, ilitoka mu pori?"

Akaanza kunifundisha. Eti kuko bamama wasomi walioandika kwamba dunia ilichorwa muda murefu na macho ya wanaume, na mambo yetu ikabakia inje. Eti kwa sababu yao jeografi imegeuka, siku hizi inauliza nani anachota maji, nani anaogopa njia gani. Nikasikiliza mpaka mwisho. Hao bamama wako na akili, sikatae.

"Umesoma yote hiyo, na bado ukapanda mulima na bapapa wane?"

Akafunika uso na mikono. "Tate, nyanya yangu, hata mwalimu wangu hajaniuliza hivyo."

Leo nikamubebesha kitunga mugongoni, kamba ku kipaji cha uso, tukashuka bondeni. Muntu asiyebeba hajui urefu wa njia. Nikamuonyesha mawe matatu ya kupumuzikia, kila moja na jina yake. Nikamuonyesha chemchem, na njia tuliyoacha tangu watu wa bunduki walianza kuipita. Bamama walikuwa wanapalilia. Mama Sifa, jirani yangu wa shamba, akamupigia kelele: "Riziki! Karibu mu pori! Simba njo mimi mwenyewe!" Mutoto alicheka mpaka kitunga ikaanguka. Kisha akaandika, shamba kwa shamba, jina ya kila mwanamuke.

Tukafika ku shamba yangu. "Tate, hapa niandike ya nani?"

Hapa niseme ukweli, hata kama ninaona haya.

Mume wangu hakukanyaga bonde ile hata siku moja. Alisema matope ni ya wanamuke. Lakini kila mara shefu alipouliza, nilijibu: "Ni ya bwana yangu." Miaka yote. Hata nilipokwisha kumuzika. Nilidhani njo heshima. Kumbe bapapa wane hawakuanza kunifuta, nilianza mwenyewe.

Na leo tena, jina yake ilikuwa tayari ku ulimi.

Nikaimeza. Nikamunyang'anya mutoto kalamu. Nilisoma mpaka mwaka wa ine tu, herufi zimelala kama mihogo iliyopigwa na upepo. Lakini jina yangu inasomeka.

Kesho nitakaa mbele, si nyuma na bamama wenye bibeseni ya chakula. Shefu akiuliza bonde ni ya nani, aniangalie mimi.