Daktari Bafu

Jumatatu, 12 Januari

Nimeamka alfajiri, nimeswali, nimemchemshia Ayeeyo, bibi yangu, maji ya kumezea dawa. Halafu nimefungua kitabu cha Kemia. Nimekifunga. Mazoea tu. Matokeo yalitoka Ijumaa na mkono bado unatafuta Kemia.

Kemia A. Biolojia A-. Hesabu A-. Kiswahili C, na C hiyo imeivuta alama ya jumla chini. Udaktari umenipita mara ya pili kwa sababu ya lugha ninayonunulia nyanya.

Aabo, baba yangu, hakugomba. Alisema nirudie mara moja tu, ya mwisho, kisha nichukue kozi yoyote nitakayopewa. Heri angegomba. Ningelia yakaisha.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili makusudi. Sikipendi. Wacha tuzoeane.

Jumatano, 14 Januari

Mjomba, Abti Nuur, kaka yake Hooyo, mama yangu, amekuja na mpango. Kwa binamu yangu, mtaa wa Eastleigh huko Nairobi, kuna kikundi cha wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Kemia, Biolojia na Fizikia, kutwa nzima. Wote wamefurahi. Hata mimi. Nairobi hakuna anayejua kwamba narudia.

Mpango wa pili ni wangu na sijamwambia mtu. Kurudi shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alihamishiwa bara nikiwa kidato cha tatu, na hadi namaliza hatukuletewa mwingine. Mwaka huu amekuja mmoja. Lakini mwaka huu pia kidato cha nne yumo Ifrah, mdogo wangu. Nivae sare tena, nikae darasa moja na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Afadhali Nairobi.

Ijumaa, 16 Januari

Nimesoma insha zangu za zamani. Kosa ni lile lile. P inakuwa b, v inakuwa f. Nikienda polepole naliona. Muda ukianza kunibana, kalamu inaandika ninavyosema, na mimi nasema kama Hooyo: Kisomali chetu hakina p wala v. Mgonjwa alibona. Mguu umefimba. Kuna sentensi ya muuguzi anayempaka mgonjwa dawa mgongoni. Nilichoandika pale sikiandiki hapa. Mwalimu alikizungushia duara jekundu.

Kwa hiyo Nairobi watanifundisha ninachokijua. Naliona hilo wazi kabisa. Na bado leo baada ya swala ya Ijumaa nimemwambia Abti nitakwenda. Woga tu, hakuna jina lingine.

Jumatatu, 19 Januari



Ayeeyo alishikwa na pumu baada ya adhuhuri. Vumbi la siku hizi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha na hakusema, hataki kusumbua watu. Midomo ikageuka rangi. Hooyo alikuwa sokoni. Mimi na Ifrah, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana, tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk.

Mlangoni tukapewa kiti cha magurudumu. Muuguzi wa zamu, mtu wa bara, akauliza shida ni nini. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye daktari wa nyumba, hivyo ndivyo wanavyoniita tangu darasa la nne. Nikasema, "Bafu! Ni bafu yake, haraka!"

Akanyoosha kidole: mwisho wa ukumbi, kulia.

Nikasukuma kiti mbio. Nikafungua mlango. Ndoo, fagio, bomba linalovuja. Nikasimama pale na Ayeeyo anakoroma kwa kukosa hewa. Wallahi nilikuwa nasubiri daktari atokee.

Ifrah ndiye aliyegeuza kiti. Alirudi kwa yule muuguzi, akajipiga kifua, akavuta pumzi kwa shida kama Ayeeyo. Hakutamka neno lolote. Wakamwelewa papo hapo, Ayeeyo akawekewa hewa.

Muuguzi hana kosa. Nilikusudia pafu; alinionyesha nilichomwomba.

Alhamisi, 22 Januari

Alhamdulillahi, Ayeeyo yuko nyumbani. Analala ameegemea mito. Kulala chali hawezi.

Siku zile wodini nilikuwa namtazama daktari. Mpole, anajua kazi, Kisomali hajui hata kidogo. Wazee wamelala safu nzima na Kiswahili hawana. Anauliza, anasubiri apatikane mtu wa kutafsiri, anauliza tena. Mara mbili mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijipima kila neno kabla ya kulitoa. Nilichelewa, lakini hakuna aliyepelekwa bafuni.

Ifrah amesimulia shuleni. Nimejua leo dukani. Msichana wa darasa lake alinisalimia kwa adabu zote, "Daktari Bafu, habari ya leo?"

Nimekasirika. Ifrah sijamwambia kitu. Bila yeye Ayeeyo angefia kwenye ndoo zile. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 25 Januari

Nimemwambia Aabo: siendi Nairobi. Narudi shuleni.

Abti anasema ni jicho la watu, nimehusudiwa. Amekwenda bila kunywa chai, na chai ilikuwa mezani. Aabo ameuliza kama nina hakika. Nimesema ndiyo. Sina. Hooyo alikwenda kutoa sare yangu sandukuni. Inanibana mabegani.

Ifrah amelia. Anasema nitamwaibisha. Nikamwambia yeye ndiye aliyeanza. Tumelala tumepeana mgongo.

Sikujisikia shujaa. Uamuzi huu ni mwarobaini: unaunywa kwa sababu unaumwa, si kwa sababu unaupenda. Na ukishaunywa, homa inaweza kubaki pale pale.

Jumanne, 3 Februari

Siku ya kwanza darasani. Nimekaa dawati la nyuma. Ifrah alikuwa mbele na hakugeuka. Jina langu jipya nimelisikia kabla ya mwalimu kuingia. Nikajifanya natafuta kalamu.

Mwalimu ametusomea imla, kwa kasi. Nimekosa maneno mengi, mengine ya aibu. Pafu nimelipata.

Jioni nimeketi na Ayeeyo mkekani. Kifua chake kinasikika kutoka mlangoni. Ameniuliza kwa Kisomali leo nimefundishwa nini siku nzima. Nikamwekea kiganja kifuani, nikamwambia, hili wao wanaliita pafu.

Akataka kujaribu. Alikusanya pumzi kwanza.

"Bafu," akasema.

Ifrah alikuwa mlangoni amebeba kikombe cha dawa. Hakucheka.

"Haye, Ayeeyo," nikamwambia. "Ndilo hilo."